Niishushe Subaru yangu kiasi gani bila kuharibu safari za kila siku?

"Habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2005, ndiyo gari yangu ya kila siku. Asubuhi natoka Goba kwenda Posta, jioni narudi, na kila baada ya mwezi au miwili naenda Moshi na mke wangu na watoto wawili, buti limejaa. Gari ni nzima ila naiona imekaa juu, hasa mbele, na kwenye kona inalala. Nataka kuishusha kama inchi mbili. Fundi amenipa njia tatu: kukata springi mzunguko mmoja na nusu, kufunga springi fupi mpya kwenye shokapu nilizonazo (zina kilomita kama 110,000), au kununua koilova (seti ya shokapu na springi zinazorekebishika kimo) za mtumba kutoka Japani. Rafiki yangu mwenye koilova anasema nizikaze zote mpaka mwisho ili tairi zisiguse madigadi, na kwamba gari likiwa chini zaidi ndivyo linavyoshika kona zaidi. Mwingine ananiambia kemba itanimalizia tairi kila miezi mitatu. Nifanye nini? Na Moshi nitafika?"

Ndugu yangu, Moshi utafika, lakini si kwa inchi mbili. Nakuambia hilo mapema ili usisome maelezo yote haya huku moyo uko juu. Gari lako linaweza kushushwa, likapendeza, likashika kona vizuri kuliko sasa, na mama watoto asilalamike mgongo. Kinachotakiwa ni kuelewa unachokitoa unapolishusha, maana wengi wanadhani wanatoa kimo tu. Unachotoa hasa ni safari ya gurudumu, yaani ule umbali ambao gurudumu linaweza kupanda juu kabla suspensheni haijafika mwisho wake.

Impreza yako ina shokapu za kusimama pembe zote nne, springi ikiwa imeizunguka shokapu. Ndani, juu ya ule mti wa chuma unaoingia na kutoka, kuna raba ngumu ya kikomo. Gari likiwa limesimama, kati ya shokapu na raba hiyo kuna nafasi fulani. Tuchukue milimita 80 kama mfano. Ukipita shimo au tuta, gurudumu linapanda, springi inajibana ndani ya hizo 80, na wewe huku juu unasikia mtikisiko laini. Sasa shusha inchi mbili, yaani milimita 50, bila kubadilisha urefu wa shokapu. Zimebaki 30.

Hapa ndipo hesabu inapouma. Nguvu ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza huenda na umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Ili springi imeze pigo lilelile ndani ya milimita 30 badala ya 80, inabidi iwe ngumu mara saba hivi. Hakuna anayeuza springi ya namna hiyo kwa gari la barabarani, na ikiuzwa hutaweza kukaa nayo. Kwa hiyo kinachotokea ni kwamba ile raba ya kikomo ndiyo inageuka kuwa springi yako. Gari linadunda kama mkokoteni, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye mauntingi (vishikio vya juu vya shokapu), kwenye bodi, na kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma.

Weka na familia ndani. Watoto na mizigo vikiweka kilo 150 juu ya ekseli ya nyuma, kila springi ya nyuma inaongezewa kilo 75. Springi inayohitaji kilo 3 kujibana milimita 1 itashuka milimita 25. Ulikuwa umebaki na 30. Sasa una 5, chini ya unene wa kidole chako kidogo, na hapo hujafika hata Kibaha.

Siyasemi haya kwa kusoma tu. Miaka ya nyuma nilikuwa na Impreza niliyoishusha milimita 45 kwa springi fupi, shokapu zilezile za zamani. Mjini nilivumilia. Siku moja nikawa nateremka mlima Kitonga, kona ya kulia, mwendo wa kawaida kabisa, na katikati ya kona lami ilikuwa imebonyezwa na magurudumu ya malori. Gari lilikuwa tayari limelala upande wa kushoto, springi za upande huo zimejibana, na lilipoingia kwenye lile bonde nikasikia "ko!" moja kavu kutoka nyuma. Raba ya kikomo ilikuwa imefika mwisho. Gurudumu lile likawa halina tena pa kwenda, tairi ikaruka, na nyuma ya gari ikatoka kama hatua moja kuelekea ukingoni kabla haijashika tena. Nilisimama mbele kidogo, mikono inatetemeka. Gari halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyeliondolea safari. Ndiyo maana swali la kiasi gani nalichukulia kwa uzito kuliko swali la aina gani.

Sasa rafiki yako. Anasema gari likiwa chini zaidi linashika kona zaidi. Ana nusu ya ukweli. Uzito ukiwa chini, gari huwa na hamu ndogo ya kulala, hilo ni kweli. Lakini kwenye suspensheni kama yako kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Chuchumaa mbele ya gari uangalie mkono wa chini, ule unaotoka kwenye chasisi kwenda kwenye boljointi ya gurudumu. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani, mkono huo unainama kidogo kuelekea nje. Ukilishusha kidogo, unakaribia kulala sawa. Ukilishusha sana, unaanza kupanda kuelekea nje. Ipo nukta, haishikiki kwa mkono ila ipo, ambayo bodi hulala kuizunguka, na mahali pake panategemea mlalo wa mkono huo. Mkono ukipanda, nukta hiyo hushuka haraka kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Umbali kati ya uzito wa gari na nukta ya kuzungukia unakuwa mrefu zaidi. Umeurefusha mpini wa jembe: nguvu ileile ya kona sasa inabetua zaidi. Na zaidi ya hapo, mkono ukishapita ule mlalo sawa, gurudumu la nje haliegemei tena ndani wakati wa kona kama inavyotakiwa, kwa hiyo tairi inasimamia bega lake la nje. Gari limeshushwa na linalala zaidi. Watu hununua springi ngumu kuficha hilo, na wanaona wamefaulu mpaka barabara inapokuwa mbovu.

Tai rodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, nazo hupata mlalo mpya. Gari likishuka kupita kiasi, kila gurudumu likipanda juu ya tuta linajigeuza lenyewe kidogo, na unasikia usukani unavutwa. Kwenye barabara yenye mabonde ya malori hilo linachosha sana.

Rafiki huyohuyo anakuambia ukaze koilova zote mpaka mwisho ili tairi zisiguse. Hapa lazima nimpinge kabisa, kwa upendo. Ile nobu yenye kliki, ya kurekebishia ugumu wa shokapu, haibebi gari. Gari linabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kuzuia kasi: springi ikijibana na kujikunjua, mafuta ndani ya shokapu yanalazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na hapo mchezo wa kupanda na kushuka unatulizwa. Ukiikaza mpaka mwisho, shokapu inakuwa nzito pia katika kujikunjua. Ingia nayo kwenye rasta. Rasta ya kwanza inasukuma gurudumu juu. Kabla shokapu haijaliruhusu kurudi chini, ya pili imefika, halafu ya tatu. Gurudumu linazidi kupanda, gari linazidi kukaa, na mwisho wa rasta tairi imeifikia madigadi. Yaani kukaza kumeleta kile alichotaka kukizuia. Kama tairi inagusa, dawa ni kimo, upana wa tairi au ukaaji wa rimu.

Kuna na kukaza kwa aina nyingine, ile ringi kubwa ya nati inayobana springi kwa chini. Wengi wanaamini kuibana kunaifanya springi iwe ngumu. Springi iliyosukwa sawa toka juu hadi chini haibadiliki ugumu kwa kubanwa. Kilo 5 kwa milimita inabaki kilo 5 kwa milimita. Gari litakaa juu zaidi tu, na safari ya kushuka, ile inayoliruhusu gurudumu kuingia shimoni bila kuning'inia hewani, itapungua. Kwa sababu hii kuna koilova za aina mbili, na ukienda dukani uliza hili kabla ya bei. Aina ya kwanza inashusha gari kwa kuisogeza ringi ya springi pekee; ukiishusha, unakula safari. Aina ya pili ina kikombe cha chini chenye hesi zake, unakizungusha na shokapu nzima inafupika, springi na safari ya ndani zikibaki kama zilivyopangwa. Kwa gari la kila siku aina ya pili ndiyo inayostahili pesa yako. Hata hivyo, haifuti mipaka yote: tairi bado inaweza kukutana na bodi kabla shokapu haijafika mwisho, kwa hiyo kimo kinabaki kuwa jambo la kupima.

Nizichukue njia tatu za fundi wako.

Kukata springi, hapana. Sisemi hivyo kwa dharau; najua ni bei ya chai na kazi inaisha kabla ya saa sita mchana. Lakini ncha ya springi yako imetengenezwa ikae kwenye kikalio maalum juu ya shokapu. Ukiikata, inakaa kwa ncha kali ya chuma. Gari likipigwa jeki, au gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi iliyokatwa inaweza kulegea na kuhama, halafu ikirudi haikai ilipokuwa. Ni kweli springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukitoa mmoja na nusu, inaongezeka ugumu kama theluthi moja. Lakini nimekuonyesha hapo juu kwamba ukishusha inchi mbili theluthi moja haitoshi hata kidogo. Na fundi akikuambia hatakata bali ataipasha moto kwa gesi ikae yenyewe, mshukuru uondoke. Chuma cha springi hupata uhai wake kwa kupikwa na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gesi unaua uhai huo pale ulipogusa, na springi itaendelea kushuka au itavunjika siku usiyoitarajia.

Springi fupi juu ya shokapu zenye kilomita 110,000: wazo la springi ni zuri, tatizo ni hizo shokapu. Springi fupi za kiwanda kizuri huwa ngumu kiasi kuliko za mwanzo. Kadiri springi inavyokuwa ngumu, ndivyo shokapu inavyohitaji nguvu zaidi kuituliza. Springi ikiwa ngumu maradufu, shokapu inatakiwa iongezewe nguvu kama mara 1.4. Wewe unataka kuzipa kazi kubwa zaidi shokapu zilizokwisha choka kwa kazi ndogo. Zaidi ya hilo, ule mti wa shokapu sasa utafanya kazi katika sehemu mpya ya ndani ambayo haukuizoea, na mihuri ya mafuta iliyozeeka mara nyingi haivumilii. Baada ya miezi michache utaona ukungu wa mafuta kwenye shokapu, na utalipa ufundi mara mbili.

Koilova za mtumba zinategemea umeziona au la. Nyingi zinazotoka Japani ni za viwanda vyenye jina, Tein, HKS na wenzao, na zikiwa nzima ni vyombo vya thamani. Lakini baadhi zimefanya kazi mikoa ya baridi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na hesi zimegandana kwa kutu kiasi kwamba hazizunguki tena. Ikiwezekana zione springi ikiwa imetolewa: ubonyeze mti wa shokapu kwa mkono, usikilize kama unaingia kwa uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ukiingia kwa ghafla mahali fulani kama mguu uliokosa ngazi, mafuta au gesi imepungua. Futa mti kwa kitambaa cheupe uangalie mafuta na mikwaruzo. Hakikisha zimetengenezwa kwa ajili ya gari lako. WRX yako ikiwa sedani, namba yake ya chasisi inaanza na GDA, na ya STI, ile WRX kali zaidi, ni GDB, kwa hiyo usikubali maneno ya "zinaingiliana tu". Halafu angalia ugumu wa springi, mara nyingi umeandikwa ubavuni.

Ugumu huo una maana gani kwako? Kila kona ya gari ikibeba kama kilo 350, springi ya kilo 3 kwa milimita inalifanya gari litake kupanda na kushuka kama mara moja na nusu kwa sekunde. Hapo mwili wa binadamu unakaa kwa raha. Ya kilo 6 inafika mara 2 kwa sekunde. Utaijua barabara vizuri, watoto watalala kwenye lami nzuri na kuamka kwenye mbaya. Ya kilo 8 inakaribia mara 2.4, na hapo tumeingia kwenye magari ya mashindano. Koilova nyingi za mtumba ziliwahi kuwa za mtu aliyekuwa akienda uwanjani wikendi, na zina kilo 8 au zaidi. Kutoka Goba hadi Posta, mara mbili kwa siku, hizo zitakufanya ulichukie gari unalolipenda.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Shokapu nne mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya gari kali la barabarani. KYB na Bilstein ni mifano unayoweza kuipata. Juu yake springi fupi za kiwanda zinazoshusha milimita 20 hadi 25, na raba za kikomo mpya za saizi inayotakiwa na springi hizo. Mauntingi za juu badilisha pia, maana kazi ya kuzifikia ni ileile. Halafu, badala ya kutafuta milimita nyingine chini, ongeza unene wa stabilaiza ya nyuma, ule mti wa chuma unaounganisha upande wa kushoto na wa kulia wa suspensheni. Hilo ndilo jibu la malalamiko yako ya kulala kwenye kona, na wengi hulisahau. Stabilaiza inafanya kazi gari linapolala upande mmoja. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, inazunguka tu kwenye bushi zake bila kukuongezea ugumu. Ugumu wake unapanda haraka sana na unene: kutoka milimita 20 hadi 22 unapata karibu nusu zaidi. WRX za umri wa gari lako hupenda kusukuma pua nje ya kona, na stabilaiza nene ya nyuma inazigeuza. Ila breketi zinazoishikilia zikaguliwe, kwa sababu unazipa kazi mpya.

Kama mfuko unaruhusu, koilova mpya zenye kikombe cha chini kinachozunguka, springi za kilo 5 au 6, zikiwekwa chini milimita 25 hadi 30, ni bora zaidi ya hapo. Zaidi ya 30 kwa matumizi yako sitakushauri, hata ukiniuliza mara ya pili.

Kuhusu mbele kuonekana juu kuliko nyuma: gari lako pengine liko sawa. Kwenye Impreza za umbo lako, uwazi wa madigadi ya mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, kwa hiyo nyuma huonekana imekalia hata gari likiwa limenyooka. Lipeleke kwenye sakafu iliyosawazishwa, upime kutoka chini hadi kwenye sili, pale pa kupigia jeki, mbele na nyuma. Kama vipimo vimekaribiana, usishushe mbele zaidi ili kulingana na macho. Utalifanya gari linuse lami. Na kabla fundi hajagusa chochote, pima pia kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, uandike kwenye daftari. Kipimo hicho hakidanganywi na upepo wa tairi, nacho ndicho kitakachokuambia umeshuka kiasi gani kweli.

Siku ya kufunga, simama hapo na uangalie jambo moja. Bushi za mikono ya suspensheni ni raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma. Zinafanya kazi kwa kujisokota. Fundi akizikaza boliti zake magurudumu yakiwa yananing'inia, raba inagandishwa katika mkao huo. Ukishusha gari chini, tayari imesokotwa, na itakaa hivyo usiku na mchana mpaka ipasuke. Boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa miguu yake, juu ya shimo la gereji au mbao nene. Watu wengi wanalaumu springi fupi kwa bushi zilizokufa kwa kosa hili. Na springi ibanwe kwa kibanio chake halali, si kwa waya wala minyororo. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua. Ukiona gereji haina kibanio, peleka gari kwingine. Mwisho, hakikisha waya wa ABS na mpira wa breki vimerudishwa kwenye vishikio vyake.

Tuje kwenye tairi. Aliyekuambia kemba itakumalizia tairi amemtaja mtuhumiwa asiye sahihi. Kemba ni jinsi gurudumu linavyoegemea ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Ukishusha milimita 25 utaongeza nusu digrii hivi ya kuegemea ndani, na tairi linaivumilia. Muuaji ni tou, yaani magurudumu mawili kutazamana au kupeana kisogo ukiyatazama kutoka juu. Gurudumu lililopinda digrii 1 linaburuzwa kiubavu kama mita 17 katika kila kilomita. Katika kilomita 10,000 hizo ni kilomita 175 za kuburuzwa, kama kuisaga tairi kwenye jiwe. Na ukilishusha gari, tou inahama yenyewe kwa sababu tai rodi zimebadili mlalo. Hivyo alaimenti, yaani kupima na kunyoosha pembe za magurudumu, si nyongeza ya hiari. Ni sehemu ya kazi, na iwe ya mashine, magurudumu yote manne. Iache springi ikae kwanza, kilomita 300 hadi 500, ndipo uende. Omba mbele kemba ya digrii 1 hadi 1.3 ya kuingia ndani na tou sifuri. Kati ya boliti mbili zinazoshika shokapu ya mbele kwa chini, upande wa gurudumu, ile ya juu ndiyo ya kurekebishia kemba, fundi asikuambie haiwezekani. Nyuma, gari lako kiwandani lina marekebisho ya tou tu. Tou iwe sifuri au ichungulie ndani milimita 1 kwa jumla, na kemba ya nyuma kama imezidi sana au pande zimetofautiana, kuna boliti maalum zinauzwa.

Ukichagua koilova, kliki zirekebishe hivi. Zungusha mpaka mwisho wa kukaza, taratibu, halafu rudi ukihesabu hadi katikati. Chagua kipande kimoja cha njia unayopita kila siku, chenye tuta na rasta, upite kwa mwendo uleule. Baada ya tuta, bodi ipande, ishuke, itulie. Ikiendelea kucheza, kaza kliki mbili. Kwenye rasta kichwa kikitikisika na nyuma ikirukaruka, legeza mbili. Mbele na nyuma kwa zamu, usiguse vyote siku moja, na andika. Kisha funga kamba ya plastiki, ile nyembamba ya kufungia nyaya, kwenye mti wa shokapu ikutane na mwili wake, na uendeshe wiki nzima. Itasukumwa hadi pale shokapu ilipofika mwisho wa kuingia. Ikiwa bado imebaki nafasi kabla ya raba ya kikomo kwa njia ya kila siku, umepanga vizuri. Ikiwa imegota kwenye raba, panda milimita 10.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyaona kutoka hapa, na fundi mwenye macho lazima ayaone gari likiwa juu. Kama sasa hivi unasikia "koko" mbele ukipita mashimo madogo, kama usukani unavuta upande mmoja, kama kuna mafuta kwenye shokapu yoyote, kama raba za ekseli karibu na magurudumu zimepasuka na kumwaga grisi, au kama kuna kutu pale juu shokapu inaposhikana na bodi, usishushe kwanza. Rekebisha hayo. Na ukishashusha, ukisikia "ko" kavu hata mara moja kwenye kona, au tairi ikinusa madigadi, rudi gereji siku hiyohiyo.

Kwa safari ya kwanza ya Moshi: subiri alaimenti iwe imefanyika, kaza upya boliti za shokapu na nati za magurudumu, na jaza upepo wa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Pakia mizigo mizito karibu na kiti cha nyuma, si mwisho wa buti. Jioni kabla ya kuondoka simamisha gari mbele ya ukuta, familia na mizigo ikiwa ndani, urekebishe taa, maana nyuma ikikaa taa zinawapiga usoni wanaokuja. Ijulishe pia bima yako kwamba umebadilisha suspensheni. Halafu chukua tepu upime nafasi iliyobaki kati ya lami na sehemu ya chini kabisa ya ekzosi, hivyohivyo gari likiwa limejaa. Matuta ya vijijini kati ya Segera na Same huyaoni mpaka uyakaribie, na ukishakuwa na kipimo hicho kichwani utajua lipi la kupita moja kwa moja na lipi la kulipanda kwa pembeni, gurudumu moja moja.